Mechi ya Pili Huchezwa Uani Kwetu

Kwetu Gongoni mechi huchezwa mara mbili. Mara ya kwanza huchezwa uwanjani, iwe Malindi, Kilifi au Vitengeni, na hiyo kila mtu anaielewa. Mara ya pili huchezwa uani kwetu, siku inayofuata, watu wakishatoka kanisani na kula. Hakuna mpira wala nyavu. Kuna kiti kimoja cha mbao, na anayekikalia ndiye mtangazaji. Siku hizi nakikalia mimi, Kahaso binti Kaingu, na sioni haya kusema kwamba kutoka hapa hadi Ngomeni hayupo anayenifikia.

Aliyeianza desturi hii ni baba. Alikuwa utingo wa lori la chumvi, na lori hilohilo ndilo lililowapeleka wachezaji wa Munyu kwenye mechi za mbali. Munyu ni timu yetu. Neno lenyewe ni la Kigiryama, maana yake chumvi, na wachezaji wengi wamezaliwa na watu wanaokwangua chumvi kwenye mabwawa. Mashabiki hawakuwa na usafiri, kwa hiyo lori liliporudi walimzunguka baba na kumuuliza, "Ilikuwaje?" Baba alilichukia swali hilo. Aliwaambia, "Haikuwa. Ndiyo kwanza inaanza. Kaeni chini." Kisha anaketi, anafumba macho, na mpira unaanza upya kutoka katikati ya uwanja.

Akaweka sheria mbili. Ya kwanza ni ya mtangazaji: haruki pigo hata moja, liwe tamu au chungu. Ya pili ni ya wasikilizaji: hakuna ruhusa ya kusema "alifunga" wala "tulishinda", hata kama matokeo unayajua tangu jana, hata kama ulikuwepo. Uani kwetu mtu anafunga, anakosa, anaanguka, anainuka. Anayeteleza ulimi anatolewa nje ya ua wa makuti, akasikilizie huko mpaka kipindi kiishe. Nimewahi kumwona mchungaji wetu amesimama nje na Biblia kwapani, kwa kosa la kusema "walitupiga mbili". Alitulia kimya, kwa sababu naye alitaka kujua mambo yataishaje, ingawa alishajua.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba kwa nini anasumbua watu wazima hivyo. Alinijibu kwamba ukisema fulani alifunga, umemsukuma huko mbali, umebaki kumhesabia matendo yake. Ukisema anafunga, umemleta hapa, na wewe mwenyewe umekwenda kusimama karibu naye. Sikuyaelewa sana maneno yale wakati huo, lakini niliona watu wanavyotoka uani kwetu wakiwa wametoa jasho, na hakuna aliyekimbia.

Baba akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, na maneno yakambakia machache tu, kama "chai", "yote" na "endelea". Mimi nikashika kiti. Yeye akabaki na filimbi yake ya bati inayoning'inia shingoni, kwa sababu hiyo haihitaji maneno. Mechi ya uani haiishi mpaka yeye aipulize.

Kilichoniudhi ni watu kuanza kumwambia "alikuwa". Siku moja nilimkuta Masha, jirani yetu, akimweleza mgeni, na baba ameketi palepale akisikia kila neno: "Huyu mzee alikuwa mtangazaji hodari sana." Nikamuuliza, "Masha, mazishi ni lini? Maana mimi bintiye sijaambiwa." Akasema alikuwa anataka kusema tu. Nikamwambia baba yangu ni mtangazaji, sauti yake imepumzika, na yeye Masha akapumzishe ya kwake. Masha ni mtu mzuri, lakini huaga "haya, nimekwenda" na bado yumo ndani ya kiti anangoja chai.

Sasa niseme kuhusu Nelly. Nelly ni mdogo wangu na ni kipa wa Munyu ya wanawake. Ana mikono mirefu, maneno machache, na ubishi wa baba wote aliurithi yeye. Jumamosi ile tulicheza fainali Malindi dhidi ya timu ya Kilifi mjini. Tulikuwa sare, moja kwa moja, mpaka dakika ya mwisho. Halafu ukaja mpira mwepesi, wa kudakwa na mtoto, ukampita Nelly mikononi, ukampita miguuni, ukaingia golini. Muda mfupi baadaye refa akamaliza mchezo na kombe likaenda Kilifi.

Mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya goli alilichukua tukio lile kwa simu. Kabla hatujafika Mambrui, video ilikuwa imeshafika kwenye kila kundi la WhatsApp la pwani hii, na vibonzo vya kucheka chini yake. Ni kipande kifupi sana. Mpira unakuja, unapita, Nelly anabaki ameinama. Kisha kinaanza tena. Kwenye simu ile dada yangu anafungwa goli hilohilo asubuhi, mchana na jioni, na hapewi nafasi ya kufanya jambo lingine.

Tulikuwa bado ndani ya gari alipovua glavu na kumkabidhi kocha wetu, Gachanja, fundi wa mitambo hapa kwenye chumvi, mtu wa Nyeri aliyekuja kwa mwaka mmoja akasahau kurudi.

"Chukua, kocha," akamwambia. "Mimi nilikuwa kipa."

Glavu zilikuwa bado na jasho. Chini ya plasta, jicho lake lilikuwa limevimba palipogonga mlingoti wa goli kipindi cha kwanza. Nami niliposikia lile "nilikuwa" lilinichoma kuliko goli lenyewe, kwa sababu nilikuwa nimelisikia likisemwa kwa baba, na najua linavyomfunika mtu shuka angali anapumua.

Gachanja hakubishana naye. Tuliposhuka alinivuta pembeni. Jumatatu asubuhi kulikuwa na majaribio Kilifi ya kuchagua timu ya kaunti, na Munyu ilikuwa na nafasi ya kupeleka kipa mmoja. Jina la Nelly lilikuwa limeandaliwa tangu mwezi uliopita.

"Kesho jioni nataka kujua," akasema. "Kama hataki, mimi nitaenda na yule wa akiba. Siwezi kumbeba mtu kwa nguvu."

Jumapili Nelly hakwenda kanisani. Alijifungia chumbani, mama akampelekea uji, ukarudi na utando juu. Watu walipoanza kuingia uani kwetu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, kama wanaoingia matangani. Wengine walikuwa wameshaiona video ile mara nyingi hata wakaikariri. Gachanja alikuja mapema, akiwa na zile glavu ndani ya mfuko wa karatasi, akanifuata jikoni.

"Kahaso, leo msaidie dada yako. Kiti ni chako. Tangaza mpaka pale tuko sare, halafu simamisha. Watu wapige makofi, mtoto atoke ndani. Nani atakushtaki?"

Sitasema kwamba sikutamani. Nilitamani sana. Mtangazaji ndiye mwenye macho ya wote, naye akiamua mpira umetoka nje, basi umetoka. Ningeweza kumpa Nelly jua machoni. Ningeweza kumpa upepo, au beki aliyemziba. Nilitoka jikoni nikachuchumaa mbele ya baba, nikamwambia polepole, "Baba, leo nilikuwa nafikiria nifupishe."

Mkono mzima wa baba ulipanda kifuani ukaifumbata filimbi.

"Yote," akasema.

Basi nikakaa. Nikafumba macho, kama nilivyofundishwa, na kelele za uani zikaisha, nikauona uwanja wa Malindi na vumbi lake. Nikaanza.

"Munyu wanaanzisha. Whitney anampa Kanze, Kanze anarudisha nyuma kwa Nelly. Nelly anautuliza kwa mguu wa kulia. Hana haraka. Anawaonyesha wenzake kwa mkono, sogeeni, sogeeni, na wanasogea, maana nyuma hapa yeye ndiye mwenye nyumba."

Sikuwa nimepanga kuanza na hilo. Uwanjani, Jumamosi, sikuliona. Nilikuwa nafuata mpira kama kila mtu. Lakini ukikaa kwenye kile kiti inabidi uangalie na mahali ambapo mpira haupo, na nilipoangalia nilimwona dada yangu akifanya kazi.

"Namba tisa wa Kilifi, yule mrefu, ametoroka. Yuko peke yake na Nelly. Nelly anatoka, hasubiri, anatoka, anajilaza miguuni kwake, anaudaka." Uani watu wakapumua kwa pamoja. "Kona. Mpira unapaa, Nelly anapaa nao, anaupiga ngumi, na akitua anagonga mlingoti kwa jicho. Damu inatoka. Refa anamuuliza kama anatoka nje. Nelly anamjibu kwa kichwa kwamba hatoki. Anafungwa plasta huku amesimama, na macho yake hayatoki kwenye mpira."

"Mtoto wa Kaingu huyo," akasema mama mmoja.

"Kilifi wanafunga. Ni shuti kali kutoka mbali, na pale hata wangekuwa makipa wawili lingeingia. Nelly anauchukua mpira anaurudisha. Whitney anasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili, Kanze anakamatwa na mkakamao wa msuli, amelala chini analia. Nani anakimbia kumnyoosha mguu? Nelly, kutoka golini hadi nusu ya uwanja, na anarudi mbio kabla adhabu waliyopewa Kilifi haijapigwa. Inapigwa. Anaipangua kwa ncha za vidole."

Vigelegele vikapigwa. Niliwasikia watu wazima wakisogea mbele kwenye mikeka. Masha, ambaye alikuwepo Malindi, akaropoka, "Lakini ikawaje? Si mwishowe alifungwa lile goli la kijinga?"

Baba akaunyoosha mkono wake mzima kuelekea nje. Masha akainuka akajitoa mwenyewe, kichwa chini, akaenda kusimama nje ya ua, na makuti yakawa yanatikisika pale alipoegemea. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mlango wa chumba cha Nelly uko hatua chache tu kutoka kwenye kiti changu. Nilisikia kitanda kikilia.

Nikafika mahali nilipokuwa napaogopa. Gachanja aliushika ule mfuko wa karatasi kwa mikono miwili, akanikazia macho. Bado angependa nisimamishe. Nilifumba macho tena.

"Dakika ya mwisho. Kilifi wanapiga mpira mrefu usio na maana. Ni mwepesi. Sisemi jua liko machoni mwa Nelly, jua liko mgongoni. Sisemi upepo unavuma, hauvumi. Hakuna aliyemziba. Mpira unakuja mikononi mwake. Unampita mikononi. Unampita miguuni. Unaingia."

Hapo ndipo simu zote zinapoishia. Watu walikuwa wameshazoea kuishia hapo, hata mmoja wao alianza kukung'uta vumbi kwenye kanga ili ainuke. Mimi sikuishia.

"Kaa chini, mama," nikamwambia. "Mpira unaendelea. Nelly ameinama. Nyuma ya goli wanacheka, simu zinashushwa, wanaonyeshana walichopata. Kwa hiyo hawamwoni akiinuka. Mimi namwona. Anaingia ndani ya wavu, anauchukua mpira mwenyewe. Hamtupii mtu. Anakimbia nao mpaka katikati, anauweka chini, anawapiga wenzake mgongoni mmoja mmoja. Whitney analia, Nelly anamwinua kidevu. Nenda, anamwambia. Refa ameinua saa, haijaisha. Munyu wanakwenda mbele. Kona."

Nilikuwa naona fahari, kwa sababu mambo haya yalitokea mbele ya macho yetu sote na sote tuliyasahau. Tulirudi nyumbani na kile kipande kifupi cha simu, tukadhani ndiyo mechi.

"Kona ya Munyu, na golini kwetu hakuna mtu. Kipa hayupo. Kipa yuko huku, ndani ya boksi la Kilifi, kati ya mabeki wawili wanaomvuta jezi. Aliyefungwa goli lile angeweza kubaki kwake na kujificha, hakuna ambaye angemlaumu. Nelly hajifichi. Kanze anapiga kona, mpira unakuja, Nelly anaruka juu ya wote, anaupiga kwa kichwa…"

"Si kichwa, dada."

Nikafumbua macho. Nelly alikuwa amesimama mlangoni, kanga kiunoni, plasta juu ya jicho, uso umevimba kwa usingizi na kilio. Watu wote waligeuka. Hakuwatazama. Alikuwa ananitazama mimi, kwa ukali wa mtu anayeona kazi yake inaharibiwa.

"Naupiga kwa bega," akasema. "Beki amenivuta, kichwa hakiufikii. Naupiga kwa bega hili."

"Ulipiga kwa kichwa," Masha akasema kutoka nje ya ua. "Mimi nilikuwepo."

Nelly akanyoosha kidole kuelekea sauti ilikotoka. "Mjomba Masha," akasema, "sogea mbali zaidi."

Uani watu wakaangua kicheko, na makuti yakatulia kwa sababu Masha alitii. Nelly naye alicheka kidogo, akajizuia. Nikainuka nikampisha kiti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu yeyote na sitegemei kulifanya tena. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, ameshika mgongo wake, akaendelea pale nilipoishia.

"Unagonga mwamba wa juu. Nausikia unavyolia. Unarudi uwanjani, namba tisa anauchukua, na golini kwetu hakuna mtu. Mimi nakimbia. Najua simpati, lakini nakimbia. Napita Kanze, napita katikati. Yeye anatazama nyuma, ananiona nakuja, anaharakisha kupiga, anapiga nje."

Hilo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Goli la tatu la Kilifi halikuingia kwa sababu mfungaji alimwona Nelly anakuja.

Kilichobaki kilikuwa filimbi. Sote tukamtazama baba, kama ilivyo desturi, kwa kuwa ndiye anayemaliza. Aliinua filimbi kwa mkono wake mzima akaifikisha midomoni. Mama aliweka sinia chini. Baba alimtazama Nelly, ambaye bado alikuwa anahema kana kwamba ndiyo kwanza anarudi golini, kisha akaishusha filimbi, akaivua shingoni, akaiingiza mfukoni mwa shati bila kuipuliza.

"Anacheza," akasema.

Neno hilo hatukuwa tumelisikia kwake tangu augue. Lilitoka limepinda upande mmoja, lakini lilitoka zima. Mama alifunika uso kwa kanga. Mimi nililia waziwazi.

Nelly alikwenda hadi kwa Gachanja, akauchukua ule mfuko kutoka mapajani mwake, akatoa glavu. Zilikuwa zimekauka na kukakamaa. Akazikunja vidole, kimoja kimoja, mpaka zikalainika.

"Kocha, gari la kesho linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Mimi ni kipa," akamwambia, kama anayejitambulisha kwa mgeni. "Usiende bila mimi."

Aliondoka, na akachaguliwa, na sasa anadaka kwa jezi ya kaunti. Sishangai. Siku hizi kuna watu wanaonijia na ile video, eti nimeiona? Nawaambia nimeiona, ni fupi. Ukitaka mechi yenyewe, njoo Gongoni, uulizie kwa Mzee Kaingu, mtangazaji. Lakini usije ukauliza ilikuwaje, utasikilizia nje ya ua pamoja na Masha. Nelly yuko katikati ya uwanja, anakimbia kurudi golini, na baba hajapuliza filimbi.